Kamera imekunasa: jinsi ya kujua sheria inamdai nani, na ufanye nini kabla ya kulipa

Lori likitoka Nakuru, lipite Salgaa, Kericho na Ahero hadi Kisumu, kisha livuke Busia kuelekea Kampala na Kigali, litakuwa limepita nchi tatu na chini ya sheria tatu za kamera. Picha zenyewe hufanana: nambari za gari, tarehe, saa, mahali na kasi. Kinachotofautiana ni uzito wa picha hiyo mbele ya sheria. Kuna nchi ambako inatosha kukudai pesa hata kama ulikuwa nyumbani na gari alikuwa nalo shemeji yako. Kuna nyingine ambako haina nguvu mpaka uso wa dereva uonekane. Anayepokea notisi na kukimbilia kubishana juu ya kilomita ameanzia mwisho. Uliza kwanza sheria ya pale ulipopigwa picha inamdai nani.

Mwenye gari au mwenye usukani

Uholanzi na Ujerumani zinapakana, lakini kwa swali hili ni kama mbingu na ardhi. Uholanzi, chini ya sheria ya 1989 inayoitwa Wet Mulder, kosa dogo la kasi ni deni la yule ambaye jina lake limo kwenye usajili. Hawahangaiki kumtafuta aliyekuwa akiendesha. Bili inamfuata mwenye gari, na yeye atajuana na aliyemwazima. Ujerumani kosa ni la dereva. Kamera hulenga uso, na uso usipotambulika, faini ya kasi haiwezi kubandikwa kwa mwenye gari kwa sababu tu gari ni lake. Hata hivyo hapo hapatoroki mtu kirahisi: mamlaka inaweza kumwamuru mwenye gari aweke daftari la safari na kuandika kila anayelishika. Muda nao unahesabiwa: kosa la kawaida la kasi hufa baada ya miezi 3 kama hakuna hatua rasmi iliyochukuliwa dhidi ya dereva mwenyewe.

Ufaransa iko katikati. Mwenye kadi ya usajili ndiye anayechukuliwa kuwa mlipaji, lakini ana siku 45 za kutaja dereva mwingine au kupinga. Ukilipa, umekiri, na mlango wa kupinga umejifunga. Kwa kosa la euro 135, anayelipa ndani ya siku 15 hulipa euro 90. Punguzo hilo limewekwa ili watu wasibishane, kwa hiyo amua mapema kama una hoja au huna.

Uingereza ndiko wengi wetu wenye ndugu huko wanakonaswa na mtego usioonekana. Notisi ya kwanza huja na fomu inayomtaka mwenye gari ataje aliyekuwa akiendesha, na ana siku 28 za kujibu. Huo ni wajibu wa kifungu cha 172 cha Sheria ya Barabara ya 1988. Kukaa kimya ni kosa jingine kabisa, lenye faini ya hadi pauni 1,000 na pointi 6 kwenye leseni. Kosa lenyewe la kasi mara nyingi lingeishia pauni 100 na pointi 3, au hata darasa la mafunzo ya mwendo bila pointi. Mtu anatupa barua kwenye droo akidhani anakwepa dogo, kumbe amejitafutia kubwa. Dereva mpya huko hupoteza leseni akifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza, kwa hiyo barua moja isiyojibiwa inatosha kumshusha garini.

Kenya ina sura yake. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamgusa anayeendesha, na pia mwenye gari anayesababisha au kuruhusu mtu mwingine apite kiwango. Kifungu cha 8 kinasema aliyesajiliwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Soma vifungu hivyo viwili pamoja: picha ya nambari za gari inaelekeza kidole kwa mwenye logibuku, lakini kuwa na logibuku si ushahidi kwamba ulikuwa kwenye usukani. Pengo hilo ndilo linalozua kesi nyingi pale ambapo kamera inafanya kazi bila askari kusimamisha gari.

Hapa kuna jambo la kufanya leo, kabla ya notisi yoyote. Kama uliuza gari kwa makubaliano ya mdomo na mnunuzi akaondoka na logibuku yenye jina lako, kila picha atakayopigwa itakuja kwako. Sheria inakutaka uarifu msajili ndani ya siku 7 za kukabidhi gari, na gari halitakiwi kuwa barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila kuandikwa kwa jina la mmiliki mpya. Maliza uhamisho kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen siku hiyohiyo ya kupokea pesa, na mnunuzi akubali upande wake mkiwa mmekaa pamoja. Hati ya mauzo iandikwe tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ina maana: gari lililouzwa asubuhi linaweza kunaswa jioni.

Wenye magari ya biashara, iwe ni sacco ya matatu, kampuni ya kukodisha au Probox moja tu inayopokezanwa na madereva wawili, waweke daftari. Kila mstari uwe na jina la dereva, nambari ya leseni, saa ya kuchukua ufunguo, saa ya kurudisha, njia atakayopita, na sahihi yake. Daftari linaloandikwa kila siku kwa wino huaminika kuliko orodha iliyochapwa baada ya kesi kufika.

Viwango na faini za hapa kwetu

Gari dogo la binafsi lina kikomo cha kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu yenye njia mbili kila upande, na 100 kwenye barabara kuu ya kawaida. Matatu, mabasi na malori ni 80. Ndani ya mpaka wa jiji, mji au kituo cha biashara ni 50, isipokuwa kibao kiseme vinginevyo. Usidharau maneno "kituo cha biashara". Salgaa ni kituo cha biashara, na Awasi na Chavakali pia. Barabara inaweza kuwa pana na nyoofu, mguu ukasahau, lakini sheria imeshashuka hadi 50.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zimepanga faini kwa ngazi. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo. Kuanzia 6 hadi 10 ni shilingi 500, kuanzia 11 hadi 15 ni 3,000, na kuanzia 16 hadi 20 ni 10,000. Ukipita 20, hiyo si ya notisi tena: unafika mbele ya hakimu, ambako faini inaweza kufika shilingi 100,000.

Chukua mfano. Matatu inakwenda 92 kwenye barabara kuu nje ya mji, karibu na Mau Summit. Kikomo chake ni 80, imezidisha 12, faini ni 3,000. Gari dogo likipita hapohapo kwa 92 halina kosa. Gari hilohilo likiingia Nakuru mjini kwa 68 kwenye kikomo cha 50 limezidisha 18, ni 10,000. Likiwa 71, limezidisha 21, na dereva anakwenda kortini. Kilomita 3 tu zinatenganisha kulipa na kushtakiwa, ndiyo maana inafaa kujua kasi ya kweli ya gari lako na si ile inayoonyeshwa na mshale.

Kidhibiti mwendo hakikulindi dhidi ya kamera. Kifaa hicho hubana mafuta injini inapofika 80; hakishiki breki. Lori lenye mzigo likiteremka kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa husukumwa na uzito wake, na litapita 80 hata kama kidhibiti ni kizima na kimefungwa lakiri. Dereva anayetoa gia ili aokoe mafuta ameachia breki ya injini na kubaki na breki za magurudumu peke yake, ambazo hupata moto na kulegea. Mteremko ule umeua watu wengi mno kwa sababu hiyo. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, na kamera haitakuwa na la kukushika.

Kuisoma picha na kupiga hesabu

Ukipokea notisi yenye picha, usiangalie kasi kwanza. Angalia nambari za gari herufi kwa herufi. Mashine husoma kwa programu, na bango lenye matope au skurubu iliyopigwa juu ya herufi hugeuza F kuwa E na 8 kuwa B. Kisha linganisha aina na rangi ya gari na lako. Nambari zako zikiwa juu ya gari lisilo lako, huenda mtu amezinakili; ripoti polisi, chukua nambari ya OB, na ambatanisha picha za gari lako kutoka pande zote nne.

Baada ya hapo tazama kama kuna gari jingine ndani ya picha. Mwali wa rada hupanuka unavyokwenda mbali na unaweza kugusa magari mawili. Kubwa, lenye mwili wa chuma mpana, hurudisha mwangwi mkali zaidi. Kama unapitwa na basi kwenye picha, kasi iliyoandikwa inaweza kuwa ya basi. Mashine za leza zina mwali mwembamba, kwa hiyo hoja hii hupungua nguvu, ingawa mkono wa askari ukitikisika mwali unaweza kuteleza kwenye ubavu wa gari na kuharibu kipimo.

Mifumo mingine hupiga picha mbili zilizoachana kwa nusu sekunde, juu ya mistari iliyopakwa kwenye lami. Hapo una ushahidi wa pili usiotegemea rada. Gawanya kilomita kwa saa kwa 3.6 upate mita kwa sekunde. Kasi ya 80 ni mita 22.2 kwa sekunde, kwa hiyo katika nusu sekunde gari husogea mita 11.1. Ukihesabu mistari na kuona gari limesogea mita 12.5, basi lilikuwa 90 kwa saa. Hesabu ya mistari ikitofautiana sana na ile ya rada, una hoja nzito.

Kamera za wastani hufanya kazi kwa kupima muda kati ya vituo viwili. Zikiwa zimeachana kilomita 12 kwenye kikomo cha 80, hutakiwi kufika ya pili kabla ya dakika 9. Ukifika baada ya dakika 8, wastani wako ni 90. Kupunguza mwendo mbele ya kamera hakusaidii chochote hapa.

Wengi hupenda kubisha kwamba kamera ilikuwa imekaa kwa pembe. Kuwa mwangalifu. Rada ya kawaida iliyosimama kando ya barabara huona sehemu tu ya kasi yako: kwa pembe ya digrii 20, gari la 100 husomwa 94. Pembe inakupunguzia, na ukiitaja mbele ya hakimu unaweza kuwa unathibitisha kwamba ulikuwa mbio zaidi. Hoja ina maana tu kwa zile mashine zilizotengenezwa kukaa kwa pembe maalumu na kujirekebisha zenyewe. Zikielekezwa vibaya, ndipo zinaweza kukuongezea.

Kuhusu mshale wa gari, sheria za kimataifa za watengenezaji haziuruhusu kuonyesha chini ya kasi ya kweli, unaruhusiwa kuzidisha. Tatizo huanza ukibadilisha tairi. Tairi lenye kipenyo kilichoongezeka kwa asilimia 3 hufanya mshale wa 80 umaanishe zaidi ya ilivyokuwa awali. Pima kwa GPS ya simu kwenye barabara tambarare na nyoofu, mtu mwingine akiwa ndiye anayeishika simu.

Muda, nafuu na mashine

Uingereza notisi ya kwanza inapaswa kumfikia mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14. Neno la msingi ni aliyesajiliwa. Ukiwa mgeni uliyekodi gari, notisi huenda kwanza kwa kampuni, kampuni inakutaja, na barua yako inaweza kufika baada ya wiki nyingi na bado ikawa halali. Siku 14 hazihesabiwi pia kama askari alikusimamisha na kukuonya papo hapo. Italia muda huo ni siku 90.

Nafuu ya kipimo ni jambo jingine linalochanganya. Ujerumani hupunguza kilomita 3 kwa kasi iliyo chini ya 100, na asilimia 3 juu ya hapo. Ufaransa, kwa kamera zilizosimama, hupunguza kilomita 5 chini ya 100, na asilimia 5 juu ya hapo. Uingereza polisi wana mwongozo wa kuacha asilimia 10 juu ya kikomo na kuongeza maili 2 kwa saa, lakini huo ni mwongozo, si haki yako. Kwa ndugu walioko Ghuba: Dubai kwa kawaida huacha kilomita 20 juu ya kibao, Abu Dhabi iliondoa nafuu hiyo Agosti 2018. Ni nchi moja, na hujasafiri hata saa mbili, lakini mazoea ya emireti moja ni faini katika nyingine.

Marekani haina jibu moja hata kidogo. Texas hairuhusu miji yake kutumia kamera za kasi. Jiji la New York huzitumia karibu na shule, saa 24 tangu Agosti 2022. Faini ni dola 50, inakwenda kwa mwenye gari, na haina pointi. California ilipitisha sheria ya majaribio mwaka 2023 kwa miji sita pekee, ikiwemo Los Angeles na San Francisco. Kabla ya kuomba ushauri kwa jamaa aliye huko, hakikisha anaishi jimbo lilelile.

Italia inastahili kuangaliwa na kila anayetaka kujua jinsi karatasi za mashine zinavyoweza kuangusha kesi. Aprili 2024 mahakama ya juu ya rufaa huko iliamua kwamba kifaa kilichoidhinishwa lakini hakikupitishwa kwa utaratibu kamili wa vipimo hakitoshi kumtoza mtu faini. Mashine ilikuwa pale, picha ilikuwa safi, na bado faini ilianguka.

Ukivuka mpaka

Ukipitia Busia au Malaba, jua kwamba Uganda ilianzisha mfumo wa faini za kamera wa EPS Auto Juni 2025, na mwezi huohuo ukasimamishwa baada ya malalamiko ya umma. Viwango vilivyozua kelele vilikuwa shilingi za Uganda 200,000 kwa aliyezidisha hadi kilomita 30, na 600,000 kwa aliyepita hapo. Mfumo kama huo unaweza kuwashwa au kuzimwa kati ya safari yako ya kwenda na ya kurudi, kwa hiyo uliza hali ilivyo kabla ya kuvuka, na uliza watu wa malori wanaopita kila wiki badala ya kutegemea habari ya zamani.

Rwanda mnaendesha upande wa kulia, kamera zilizosimama wenyeji huziita Sofia, na magari ya abiria yana kidhibiti cha kilomita 60, si 80 kama chetu. Dereva wa Kenya aliyezoea 80 anazidisha 20 bila kuhisi.

Ukienda Tanzania kupitia Isebania na Sirari, jiandae kwa tochi, kama wanavyoiita kifaa cha mkononi. Askari mmoja hupiga, mwenzake hukusimamisha mbele. Maeneo ya makazi ni 50, na magari yanayozidi kilo 3,500 hayatakiwi kupita 80 popote. Faini ya kawaida ni shilingi za Tanzania 30,000 kwa kila kosa, nayo hulipwa kwa nambari ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Pesa taslimu bila nambari hiyo haijafuta deni lako kwenye mfumo.

Ukiamua kupinga hapa nyumbani

Usilipe kwanza kisha upinge. Malipo ni kukiri. Usikae kimya pia. Hakikisha notisi ni ya kweli kwa kuingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya eCitizen au NTSA, kamwe si kwa kubonyeza kiungo kilichokuja kwa SMS, wala kutuma pesa kwa nambari ya simu ya mtu.

Andika barua kuomba picha zote, aina na nambari ya mashine, cheti cha mwisho cha urekebishaji wake (yaani upimaji wa usahihi wake) na tarehe, na jina la ofisa aliyeiendesha. Ibara ya 50 ya Katiba inakupa haki ya kuuona ushahidi kabla ya kesi, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa mhusika siku 21 kukujibu. Kwa kuwa picha yenye nambari zako ni taarifa zako binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia inakupa haki ya kuziona.

Mahakamani, ushahidi wa elektroniki unaongozwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kinadai cheti kinachoeleza jinsi rekodi ilivyotolewa, kifaa kilichotumika, na sahihi ya mtu mwenye dhamana ya kifaa hicho. Uliza cheti hicho kabla picha haijapokelewa kama kielelezo. Ikishapokelewa bila pingamizi, ni vigumu kuirudisha nyuma. Cheti kikiwepo, linganisha nambari ya mashine iliyoandikwa humo na ile iliyo pembeni ya picha, na tarehe ya urekebishaji na tarehe ya kosa. Zisipolingana, hilo liwe jambo la kwanza kumwambia hakimu, kabla ya kuzungumzia kasi.

Peleka pia ushahidi wa kibao. Rudi mahali ulipopigwa picha, mchana na saa ileile ya kosa, upige picha ya barabara kutoka upande uliotokea: kibao cha kikomo kiko wapi, kimefunikwa na matawi au kimeng'olewa, na ni mita ngapi kutoka kilipo hadi kamera ilipokuwa. Fanya hivyo wiki hiyohiyo. Kibao kilichoanguka leo kinaweza kuwa kimesimamishwa upya kabla kesi yako haijatajwa, na hapo utabaki na maneno matupu.